Sura ya Tano: Udongo wa Musalla

Siku ya Idi, Buyenzi, kwetu Bujumbura, ilikuwa ikiamka kwa mlio wa ndoo. Maji yalichotwa uani tangu alfajiri, kanzu zikapigwa pasi ya mkaa, takbira ikaanzia mtaa mmoja ikadakwa na wa pili. Mitaa ya kwetu ina namba badala ya majina, kwa hiyo mtoto aliyelala bado kitandani aliweza kuhesabu sauti zimefika wapi: ya tano, ya saba, ya kumi na moja. Bibi yangu alikunja msala wake mara tatu, akaupachika kwapani, akanishika mkono. Tulipita mbele ya mlango wa msikiti bila kuingia. Nikamuuliza kwa nini tunauacha msikiti siku kubwa kama ile.

“Leo watu ni wengi, mjukuu wangu,” akasema. “Leo tunasali nje, tuonane sote.”

Nje kwenyewe kulikuwa uwanja wa mpira. Safu zilianza kwa kufuata mistari ya chokaa ya wachezaji, kisha wazee wakazipindisha kuelekea Kibla, ambayo kwa mtu wa Bujumbura iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Ziwa Tanganyika lilibaki migongoni mwetu, milima ya Kongo kushoto, vilima vya Burundi kulia. Hapakuwa na mihrabu wala kuta. Imamu alisimama mbele, watu wakapangika nyuma yake, na kwa muda wa rakaa mbili ile nyasi iliyokanyagwakanyagwa ikawa jengo. Walipotoa salamu na kukumbatiana, jengo likaondoka, ukabaki uwanja.

Kile alichokuwa nacho bibi kwapani ndicho kilichonipeleka Shiraz, kwa vitabu na ramani, miaka mingi baadaye. Msala, au mswala kama wengine wasemavyo, ni neno la Kiarabu, musalla, na maana yake ni mahali pa kusalia. Mahali hapo panaweza kuwa padogo kama mkeka wa mtu mmoja, au papana kiasi cha kupokea mji mzima. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipokuwa Madina alikuwa na msikiti wake, na bado sala za Idi alizisalisha nje, kwenye uwanja ulioitwa Musalla. Waislamu waliofungua miji mbali na Madina wakaichukua desturi hiyo pamoja na jina lake. Uajemi, miji mingi mikubwa ilikuwa na musalla yake nje ya lango, mahali ambapo watu wa mitaa yote na wa vijiji vya jirani wangeenea. Vitu pekee vilivyohitajika ni ardhi tambarare, maji ya udhu, na alama ya Kibla. Wajenzi wa Kiajemi wakati mwingine waliweka ukuta upande wa Kibla, au tao kubwa la kumpa imamu kivuli. Pande nyingine waliziacha wazi.

Musalla maarufu kuliko zote ilikuwa ya Herat, ambayo leo imo Afghanistan. Malkia Gawhar Shad, mke wa Shah Rukh mwana wa Timur, alianza kuijenga mwaka 1417: msikiti, madrasa, minara iliyovikwa vigae vya buluu, na kuba ambayo chini yake alikuja kuzikwa yeye mwenyewe. Mwaka 1885, kwa hofu kwamba jeshi la Urusi lingeshuka kutoka kaskazini na kujificha nyuma ya majengo hayo, sehemu kubwa ilitiwa baruti, na Waingereza walikuwa na mkono katika uamuzi huo. Imebaki kuba ya malkia na minara michache iliyoinama. Namtaja Gawhar Shad kwa sababu mjukuu wake anakuja katika hadithi hii, na kwa sababu Musalla ya Shiraz, ambayo haikuwahi kuwa na fahari ya namna ile, ina mambo hai hadi leo.

Shiraz imekaa katika bonde lililozungukwa na milima mikavu, kusini mwa Irani. Mvua yake kwa mwaka haifiki nusu ya ile tunayoipata Bujumbura, na miezi ya kiangazi kwa kawaida hainyeshi. Msafiri aliyetoka kaskazini aliuona mji kwa mara ya kwanza kutoka kwenye mwanya wa mlima uitwao Tang-e Allahu Akbar. Watu husema jina hilo ni kile kilio kinachomtoka mgeni anapoliona bonde la kijani ghafla baada ya siku nyingi za mawe na vumbi. Mwanya huo ulikuwa na lango, na juu ya lango palihifadhiwa msahafu ili kila atokaye apite chini ya Qurani. Kati ya mwanya na kuta za mji ndipo palipokuwa na Musalla. Kibla ya Shiraz iko kusini-magharibi, kwa hiyo waliosali pale waliipa milima mgongo na kuutazama upande wa mji wao.

Maji ya udhu yalitoka wapi katika nchi ya ukame? Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu sisi tuliozaliwa chini ya vilima vya Burundi tunaona maji yakiteremka yenyewe, na inatuwia vigumu kufikiri nchi ambako maji huchimbwa kwa upole kama dhahabu. Waajemi wana ufundi uitwao kanati. Fundi huanza chini ya mlima, anachimba kisima hadi akutane na tabaka la maji; hicho ndicho kisima mama. Kisha anachimba handaki jembamba chini ya ardhi kuelekea mjini, likishuka kidogo mno kuliko ardhi ya juu inavyoshuka. Likishuka kwa kasi, maji yatakula kuta na handaki litaporomoka; likishuka polepole mno, maji yatatuama. Kila baada ya hatua kadhaa hutobolewa shimo la wima la kuingiza hewa na kutoa udongo, hata mtu akitazama kutoka mlimani huona mstari wa vichuguu, kama vya mchwa, ukielekea mjini. Mwishoni maji hutokea juani yenyewe, bila pampu wala ng’ombe wa kuvuta kamba, na yana ubaridi wa kilindini. Mwaka 2016 kanati kumi na moja za Irani ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kanati iliyopita karibu na Musalla ya Shiraz iliitwa Ruknabad, kwa jina la Rukn al-Dawla, mtawala wa ukoo wa Buwayhi aliyeichimbisha karne ya 10. Ibn Battuta, yule Mmorocco aliyetembea nusu ya dunia, aliisifu kwa maji yake matamu, ya baridi wakati wa joto na ya vuguvugu wakati wa baridi. Alikwenda pia kwenye kaburi la mshairi Saadi, nje ya mji, akakuta zawia yenye bustani nzuri na vihodhi vya marumaru vya kufulia nguo. Watu wa Shiraz, anasema, walitoka mjini kumzuru sheikh, wakala chakula cha zawia, wakafua nguo zao mtoni, kisha wakarudi nyumbani. Naipenda sana habari hiyo. Ziara, chakula, sabuni, na nguo zinazokauka juani kando ya kaburi la mtu mkubwa: hakuna aliyeona ni kumkosea heshima.

Na huyo Ibn Battuta ni mgeni wetu pia. Mwaka 1331 alishuka Kilwa, akausifu mji kwa uzuri wa ujenzi wake, na akamsifu sultani wake kwa ukarimu. Kwa hiyo macho yaleyale yaliyoiona Ruknabad yaliiona Kilwa Kisiwani, na wakati huo kijana mmoja alikuwa akikua Shiraz akijifunza Qurani kwa moyo.

Kijana huyo alikuwa Shams al-Din Muhammad. Kwa sababu aliihifadhi Qurani yote aliitwa Hafidh, na Waajemi, wanaotamka dhadi na dhaa kama z, wakasema Hafez. Akawa mshairi mkubwa kuliko wote wa lugha yake, kwa maoni ya Waajemi wengi. Hakuupenda usafiri, aliishi Shiraz, akaona watawala wakipinduana, akafia hapohapo, akazikwa Musalla, karibu na maji ya Ruknabad aliyoyasifu alipokuwa hai.

Mwaka wa kifo chake umehifadhiwa kwa hesabu ambayo mwalimu yeyote wa madrasa wa zamani angeifanya kwa vidole. Ni hesabu ya abjadi, ambapo kila herufi ya Kiarabu ina thamani ya namba. Maneno yaliyochaguliwa ni mawili: khak-i Musalla, udongo wa Musalla. Khaa ni 600, alifu ni 1, kafu ni 20. Mimu ni 40, swadi ni 90, lamu ni 30, yaa ya mwisho ni 10. Jumlisha, unapata 791, mwaka wa Hijra unaolingana na 1389. Wapo wanaohesabu mwaka mmoja mbele, lakini hakuna aliyepata maneno mazuri zaidi. Mahali na wakati vimefungwa pamoja: ukilitaja kaburi umetaja tarehe.

Neno khak tunalo pia, ingawa lilitufikia kwa njia ndefu na chungu. Wahindi walilichukua kwa Waajemi, Waingereza wakalichukua India kuitia jina nguo ya askari yenye rangi ya vumbi, na Afrika Mashariki likaingia kama kaki, sare ya askari wa mkoloni na kaptura ya mwanafunzi. Nilivaa kaki miaka mingi bila kujua kwamba nimevaa udongo.

Kwa zaidi ya miaka 60 baada ya maziko, sijui habari ya jengo lolote juu yake, na sitabuni. Jengo la kwanza linalojulikana lilikuja mwaka 1452, nalo ni la Abul-Qasim Babur, mtawala wa ukoo wa Timur. Asichanganywe na Babur yule aliyeiteka India. Huyu alikuwa mjukuu wa Gawhar Shad wa Herat. Alisimamisha kuba juu ya kaburi, na mbele yake akatengeneza hodhi kubwa lililojazwa na Ruknabad. Kuanzia hapo mahali pale pana sura mbili, uwanja wa sala na kaburi la bustanini, na kadiri karne zilivyopita sura ya pili iliifunika ya kwanza. Jina la Musalla likabaki kuwa jina la bustani.

Waajemi hawakuona ajabu. Kwao bustani na kaburi ni ndugu tangu kale. Mwendo wa siku chache kutoka Shiraz, huko Pasargadae, kuna kaburi la mfalme Koreshi, aliyekufa mwaka 530 kabla ya Kristo: chumba kidogo cha mawe juu ya ngazi za mawe, na jirani yake wachimbaji wamekuta mifereji ya mawe iliyonywesha bustani ya mfalme. Neno la kale la Kiirani la eneo lililozungushiwa ukuta ndilo lililozaa jina la Firdausi, ile Pepo ya juu tunayoiomba katika dua. Waislamu wa Uajemi na India waliliita kaburi la mtukufu rawdha, yaani bustani. Hata Taj Mahal iliitwa hivyo. Nasi tunaposema bustani tunasema Kiajemi kitupu: bu ni harufu nzuri, stan ni mahali. Saadi, yule ambaye watu walifua nguo kwake, alikiita kitabu chake cha mwaka 1257 Bustan.

Kuba ya Babur ilichakaa, ikakarabatiwa, ikachakaa tena. Aliyeamua sura ambayo mahali pale panayo hadi leo ni Karim Khan, wa ukoo wa Zand. Aliitawala Irani kutoka Shiraz na hakutaka kuitwa mfalme, alijiita wakili. Mwaka 1773 alijenga ukumbi, akaukalisha katikati, ukaukata uwanja sehemu mbili. Upande wa kusini, alikotokea mgeni kutoka mjini, ikawa bustani. Upande wa kaskazini, nyuma ya ukumbi, yakawa makaburi, la Hafez likiwa kati yao.

Ukumbi wenyewe ulikuwa na nguzo nne ndefu za jiwe, na vyumba viwili kila upande wa mwisho. Katikati palikuwa wazi mbele na nyuma. Mtu aliyesimama bustanini aliliona kaburi kupitia katikati ya nguzo, na aliyeketi kaburini aliiona bustani. Ukumbi wa namna hiyo Waajemi huuita talar, na wajuzi wa majengo wamekwisha kuandika mengi kuhusu asili yake katika majumba ya wafalme. Mimi naona baraza. Mtu wa Lamu, wa Ujiji au wa Buyenzi anaujua mpango huo kwa mwili: mahali penye paa pasipo na mlango, si nje na si ndani. Mgeni hapigi hodi barazani. Anatoa salamu na kukaa. Kaburi ambalo njia yake hupita barazani linampokea mtu hatua kwa hatua. Kwanza kivuli cha miti, halafu ngazi, halafu kivuli cha paa, ndipo macho yanapoliona jiwe.

Na jiwe pia ni la Karim Khan. Aliweka juu ya kaburi bamba la marumaru lililochongwa mashairi ya Hafez mwenyewe kwa khati ya nastaliki, ile inayoteleza na kuning’inia kama nguo kwenye kamba. Bamba hilo liko hadi leo. Kila kilichojengwa baadaye kilijengwa kulizunguka.

Karne ya 19 ilikuwa ya magavana. Mmoja alitengeneza upya, mwingine akaweka uzio wa mbao. Ruknabad nayo ilikuwa imepungua: wasafiri wa Ulaya waliofika baada ya kuisoma katika tafsiri za Hafez walikuta mfereji mwembamba, wakashangaa. Mwaka 1899 likatokea jambo ambalo bado linauma kulisimulia. Tajiri mmoja Mparsi, yaani Mzoroasta wa India, jina lake Ardeshir, alimpenda Hafez kiasi cha kutoa mali yake ili kaburi lipate jengo la kustahili. Akaomba ruhusa, akapewa, kazi ikaanza. Kisha mwanachuoni mmoja mwenye nguvu mjini akaona haifai mtu asiye Mwislamu kujenga juu ya kaburi la Mwislamu, akaenda na wafuasi wake, wakavunja kila kilichosimama. Watu wa Shiraz walikasirika, serikali ikaagiza jengo lirudishwe, mwanachuoni akashikilia msimamo wake. Jengo halikurudi. Miaka miwili baadaye mwana wa mfalme aliyekuwa gavana aliweka kizimba cha chuma kulizunguka kaburi, na Hafez akakaa nyuma ya vyuma kwa miaka zaidi ya 30.

Namfikiria Ardeshir zaidi kuliko ninavyowafikiria magavana. Alitoa zawadi, na zawadi ikageuzwa kifusi. Wazee wake walitoka Uajemi karne nyingi nyuma, na kwa kumjengea mshairi wa Shiraz nadhani alikuwa akitafuta namna ya kurudi kwao.

Jengo la leo ni la miaka ya 1930. Waziri wa elimu wakati huo, Ali Asghar Hekmat, alikuwa mzaliwa wa Shiraz, naye aliisukuma kazi. Mchoro ulitoka kwa Wafaransa wawili waliokuwa wakifanya kazi Irani: André Godard, mkuu wa idara ya mambo ya kale, na Maxime Siroux. Wawili haohao walichora jumba la makumbusho ya taifa mjini Tehran. Kazi ya Shiraz ilianza mwaka 1935, na Ali Sami, mwanachuoni wa palepale, aliisimamia.

Wageni waliopewa kaburi la mtu wa watu wangeweza kukosea vibaya. Zama zile zilipenda majengo mazito. Wao walitazama kwanza kilichokuwepo. Ukumbi wa Karim Khan hawakuung’oa, waliurefusha. Nguzo nne zikawa ishirini, urefu ukafika mita 56, na zile nne za zamani zimo bado katikati, ukijua kuzitazama. Walichokifanya ni kulifanya baraza liwe refu, njia ya kupita iwe pana, na kutoziba kitu.

Juu ya kaburi, mahali pa kizimba, waliweka banda la mviringo. Ngazi tano za duara hulizunguka. Nguzo nane, kila moja ya mita kumi hivi, hubeba kuba ya shaba iliyopindwa kama kofia ya darweshi. Ukiwa mbali huoni zaidi ya hiyo, kofia ya shaba iliyokijanika kati ya misaipresi na michungwa. Ukiingia na kuinua uso ndipo unapofahamu kwamba uzuri wote wameuficha chini ya kuba: vigae vidogovidogo vya buluu ya feruzi, zambarau, nyeusi na nyeupe, vimesukwa kutoka ukingoni hadi katikati. Aliyelala chali ndiye anayetazama juu wakati wote. Sijui kama Godard na Siroux walifikiria hivyo, lakini mapambo ya banda lile yamewekwa mahali ambapo maiti angeyaona kuliko mpita njia.

Kuhusu nguzo nane, wengine husema ni karne ya nane ya Hijra aliyoishi Hafez, wengine milango minane ya Pepo. Ninachokiona mimi ni kile kisichokuwepo. Baada ya uzio wa mbao, zawadi iliyovunjwa na kizimba cha chuma, mchoraji aliweka nguzo peke yake na kuziacha nafasi kati yao wazi. Hakuna mlango wa mtu kusimama na kuuliza wewe ni dini gani. Uwanja wa sala ulikuwa msikiti usio na kuta. Kaburi hili ni kuba isiyo na kuta. Na vyote viwili viko kwenye ardhi ileile.

Msomaji wa Pwani atakuwa ananisubiri tangu mwanzo: je, Shiraz hii ndiyo yetu? Washirazi wa Kilwa, wa Pemba, wa Tumbatu, wanatoka hapa? Habari za kale za Kilwa zinamtaja Ali bin al-Hasan, mwana wa sultani wa Shiraz, aliyekuja na majahazi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107, na makaburi yanauzunguka. Jirani yake, Makunduchi, watu husherehekea Mwaka Kogwa, ambao mizizi yake ni Nauruzi ya Waajemi. Kwa muda mrefu wanahistoria wengi waliona Ushirazi kuwa jina la heshima tu, la wafanyabiashara wa bandari za Ghuba kama Siraf, au la Waafrika waliotaka nasaba ya mbali. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa Pwani na jirani yake kati ya miaka 1250 na 1800. Ulionyesha kwamba mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000: mama zao wengi mno ni Waafrika, na baba wengi walitoka Asia, hasa Uajemi. Wazee hawakuwa wakiongopa, ila walimtaja baba tu. Lugha waliyotuachia ni ya mama, na ndani yake kuna bustani, bandari na serikali.

Lakini miaka haiachi shaka kwa jambo moja. Maandishi ya Kizimkazi yalichongwa zaidi ya miaka 200 kabla Hafez hajazaliwa. Hata kama mababu walitoka Shiraz yenyewe, waliondoka kabla ya kuba zote hizi. Walichoweza kuondoka nacho ni Ruknabad, ambayo ilikuwa tayari ikitiririka, na desturi ya kutoka nje ya lango siku ya Idi. Karne nyingi baadaye watoto wa watoto wao wakaipeleka desturi hiyo bara, Tabora, Ujiji, kisha kando ya Ziwa hadi Rumonge na Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa zamani.

Irani humkumbuka Hafez rasmi tarehe 20 ya mwezi wao wa Mehr, ambayo kwetu huangukia Oktoba 11 au 12. Oktoba 13 Burundi hupanda kilima cha Vugizo, kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi mwaka 1961 akila chakula cha jioni kando ya Ziwa. Wazee wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomfuata mapema, na kwao Vugizo si sherehe ya serikali tu. Kutoka pale juu unaliona jiji lote hadi majini. Wiki moja, makaburi mawili, miji miwili inayotoka nje ya mitaa yake kwenda kumtembelea mtu. Shiraz mgeni hupanda zile ngazi tano, huinama, hugusa marumaru kwa ncha za vidole viwili, husoma Fatiha. Kisha anatoa kitabu cha Hafez, anakifungua popote, na kusoma fali yake: kama safari itafaa, kama posa itakubaliwa.

Bibi hakuwa na kitabu. Baada ya sala ya Idi alikung’uta msala, vumbi la uwanja likaruka, akaukunja tena mara tatu. Hatukurudi nyumbani moja kwa moja. Tulikwenda makaburini, kama walivyofanya wengi, watoto na vikombe vya plastiki, akina mama na kanga mpya. Juu ya kaburi la babu alikuwa amepanda mrehani, shina moja tu, upande wa kichwani. Aliketi chini, akaniagiza maji bombani, nikaleta kikombe kimoja, akasema hakitoshi, nikaleta cha pili. Alikimimina polepole kulizunguka shina, mkono mwingine ukishikilia majani yasilowe, na ile harufu ikapanda.